Lugha ya Ubao wa Matangazo

Mpita njia atokaye Juja kuelekea Kalimoni alfajiri hukutana na watu wenye haraka: vibarua wa mashambani, wafanyakazi wa viwanda vya Thika na Ruiru, wapishi na mabawabu wa shule zetu. Aghalabu watu hawa hupata habari za kazini mwao kwa njia mbili tu, amri ya mnyapara na uvumi wa wenzao.

Majuzi nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa kampuni moja ya sehemu hizo, ambayo sitaitaja. Palibandikwa karatasi ya Kiingereza kizito ikieleza kwamba saa za zamu zingebadilika kwa majuma mawili, kwa kuwa mtambo ulihitaji kukarabatiwa. Jambo dogo. Hata hivyo, kufikia saa saba mchana habari iliyokuwa imeenea ni kwamba watu wangeachishwa kazi. Mwandishi wa karatasi ile hakusema uwongo hata chembe. Ila hakusema na mtu. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini yaelekea ubao ule haujapata habari.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 iliiona hatari hii. Kifungu cha 9 kinataka mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, aelezwe mkataba huo kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Basi mfanyakazi ana haki ya kueleweshwa siku ya kuingia na siku ya kutoka. Je, miaka 20 iliyo katikati? Mazungumzo ya kila siku yameachiwa hiari ya mwajiri, na hapo ndipo bidii ya mtu hujengwa au huvunjwa.

Kusema peke yake hakutoshi. Kampuni ya Toyota ya Japani ilianzisha mwaka wa 1951 utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi, baada ya wakuu wake kuuona katika viwanda vya Ford nchini Marekani. Sisi nasi tunayo masanduku ya maoni, mengi yakiwa na kufuli na vumbi. Aliyetoa wazo asijibiwe hataleta la pili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka wa 2007 vilevile, inadai kamati ya usalama na afya penye wafanyakazi 20 au zaidi. Mwajiri asiyejua pa kuanzia kusikiliza angeanzia hapo.

Walimu wenzangu wasicheke. Katika shule ngapi mpishi hujua kwamba ratiba ya mlo imebadilika wanafunzi wakiwa tayari wamepanga foleni? Na vijana walio katika chuo kikuu pale Juja, ambao kesho watasimamia mashamba haya, wamefunzwa kuwaandikia wakubwa ripoti ndefu. Ningependa mwalimu wa insha awape zoezi hili: tangazo la ule mtambo, kwa Kiswahili, maneno 60, msomaji akiwa mama aliyesimama langoni, mwana mgongoni, zamu yake ikianza baada ya dakika tano.