Chama cha Wanakemia na Kazi ya Kutaja Vitu: Mfano wa Marekani

Chama cha kitaifa cha wanakemia kinapotajwa, wasomaji wengi hufikiria maabara, nishani na mikutano ya kila mwaka. Mambo hayo yapo. Hata hivyo, mtu akiichunguza historia ya vyama vya namna hiyo, atatambua ya kuwa sehemu kubwa ya juhudi zao imetumika katika shughuli ambayo mwanaisimu angeiona kuwa ni ya nyumbani kwake: kuvipa vitu majina, kuyapatanisha majina yanayogongana, kufupisha yaliyoandikwa katika lugha nyingi, na kuyapanga ili atafutaye apate. Makala haya yanaieleza kazi hiyo kwa kufuata mfano mmoja, yaani Chama cha Wanakemia cha Marekani. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu unaonyesha waziwazi jinsi lugha inavyopata kuwa lugha ya elimu fulani.

Marekani haikuwa ya kwanza. Wanakemia wa London walikuwa na chama chao tangu 1841, wa Paris tangu 1857, na wa Berlin tangu 1867. Mnamo 1874 wanakemia 77 wa Marekani walikusanyika katika mji mdogo wa Northumberland, jimboni Pennsylvania, penye nyumba ya Joseph Priestley, kuadhimisha miaka 100 tangu bwana huyo alipoitenga hewa ya oksijeni. Aliyependekeza wakutane mahali hapo ni mwanamke, Rachel Bodley, mwalimu wa kemia. Baada ya miaka miwili, tarehe 6 Aprili 1876, wanakemia wapatao 35 walikutana New York wakaunda chama, na John William Draper akawa rais wake wa kwanza.

Kwa miaka zaidi ya kumi chama hicho kilikuwa cha kitaifa kwa jina tu. Mikutano yake ilifanyika New York, na mwanakemia aliyeishi mbali alilipa ada pasipo kuona faida. Wale wa Washington walichoka, wakaunda chama chao mwaka 1884. Mgawanyiko huo ulitibiwa kwa dawa nyepesi: kuanzia 1890 mkutano mkuu ulianza kuhamahama, na mwaka 1891 tawi la kwanza la mahali lilifunguliwa Rhode Island. Wana-Washington nao walirudi kundini wakiwa tawi. Leo matawi yamepita 180, na wanachama wamepita 150,000. Chama kilichokataa kutoka katika mji wake mkuu kingalibaki klabu ya marafiki.

Jambo lililokikomaza chama, lakini, halikuwa matawi. Lilikuwa malalamiko juu ya lugha. Mwishoni mwa karne ya 19 lugha ya kemia ilikuwa Kijerumani. Aliyetaka kujua yaliyogunduliwa duniani alifungua Chemisches Zentralblatt, jarida la mihtasari lililoanza kutolewa Ujerumani mwaka 1830. Muhtasari, kwa wasiozoea desturi hiyo, ni aya fupi inayosema ni nani amefanya nini, kwa njia gani, na kapata nini, hata msomaji aamue kama inafaa aitafute makala nzima. Pasipo mihtasari mtafiti huweza kutumia miaka miwili akitafuta jambo ambalo mwenzake wa nchi nyingine amekwisha kulipata. Wamarekani walilalamika ya kwamba kazi zao hazikupewa nafasi ya kutosha katika mihtasari ya Wajerumani na ya Waingereza. Ambacho hakikufupishwa kilikuwa kana kwamba hakikuandikwa.

Walianza kwa kufupisha kazi za Wamarekani peke yake, kuanzia 1895. Halafu wakaona ya kuwa njia hiyo ni fupi mno: atakayesoma orodha ya Wamarekani tu ni Mmarekani tu. Ndipo mwaka 1907 chama kilipoanzisha Chemical Abstracts, chini ya William A. Noyes, kwa kusudi la kufupisha kemia ya dunia nzima kwa Kiingereza. Uamuzi huo ndio kiini cha habari hii. Hawakudai Kiingereza kiheshimiwe. Waliifanya kazi ambayo wasemaji wa lugha nyingine wangalihitaji kuisoma.

Mwaka wa kwanza ulitoa mihtasari karibu 12,000. Waandishi wake walikuwa wanachama wenye kujitolea, walimu wa vyuo na watu wa viwandani, waliosoma majarida ya Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kiitalia na baadaye Kijapani usiku baada ya kazi zao, kwa malipo madogo yasiyolingana na taabu yenyewe. Mwaka 1909 ofisi ilihamia Columbus, Ohio, ndani ya chuo kikuu cha jimbo hilo, na mji huo umebaki makao yake mpaka leo. E. J. Crane aliihariri kwa zaidi ya miaka 40, mpaka 1958, na sifa yake kubwa ilikuwa fahirisi. Aliona ya kuwa rundo la mihtasari lisilo na fahirisi ni ghala lisilo na mlango. Katika miaka ya 1960 wenye kujitolea walipita 3,000. Baadaye waajiriwa na mashine zilichukua nafasi yao, na toleo la karatasi likakoma mwaka 2010, kwani kila kitu kilikuwa kimehamia katika kompyuta.

Na Zentralblatt? Lilidumu kupitia vita viwili vikuu na kugawanywa kwa nchi yake, likafungwa mwaka 1969. Inasemwa mara kwa mara ya kuwa Kiingereza kilishinda katika sayansi kwa nguvu za fedha na za silaha. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Nguvu hizo zilipita katika mikono ya watu fulani, waliokaa mezani na kuandika aya fupi kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka.

Aliyefupisha huona upesi ya kuwa majina hayapatani. Kitu kimoja huitwa hivi sokoni, vile kiwandani, na vingine katika vitabu. Dawa ya kutuliza maumivu inayoitwa parasetamoli katika Ulaya na Afrika huitwa asetaminofeni Marekani, na yote mawili yamekatwa kutoka katika jina refu lile lile la kikemia. Mwanafunzi wa Kongo hujifunza azote kwa Kifaransa, kisha katika vitabu vya Tanzania hukuta naitrojeni, na katika yote mawili alama ni N. Tangu 1892, wanakemia walipokutana Geneva, na hasa tangu 1919, ulipoundwa umoja wa kimataifa wa kemia, kanuni za majina zimekuwa zikijadiliwa na kamati za mataifa. Vyama vya kitaifa vilipeleka humo wajumbe wao, na pia ubishi wao. Chama cha Marekani kiliamua rasmi mwaka 1925 kuandika jina la alumini kwa silabi moja pungufu kuliko Waingereza, na tofauti hiyo ingaliko.

Ubishi mwingine umeacha alama katika Kongo yenyewe. Mwaka 1801 Charles Hatchett, Mwingereza, aligundua elementi mpya ndani ya jiwe lililotoka Marekani, akaiita kolumbiamu, kwa jina la kishairi la nchi hiyo. Mwaka 1844 Heinrich Rose, Mjerumani, aliipa jina la niobiamu, kutokana na Niobe, binti wa Tantalo katika hadithi za Kigiriki, kwa kuwa elementi hiyo haiachani na tantalamu. Majina hayo mawili yaliishi pamoja kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1949 umoja wa kimataifa ulichagua niobiamu. Wanakemia wa Marekani walikubali, lakini wataalamu wa metali na wa madini wa nchi hiyo waliendelea na jina la zamani kwa muda mrefu. Neno koltani, ambalo leo kila mchimbaji wa Kivu analijua, ni ufupisho wa kolumbiti na tantaliti. Silabi yake ya kwanza ndiyo masalio ya jina lililoshindwa. Kamati huweza kufuta jina katika kitabu. Kulifuta katika jiwe na mdomoni mwa mchimbaji ni kazi nyingine.

Kwa kuwa majina hayakupatana, ofisi ya Columbus ilibuni mwaka 1965 njia ya kuyakwepa. Kila kitu cha kemia kilichotajwa katika maandishi kilipewa nambari yake, na nambari hiyo haina maana yoyote. Haielezi fomula wala asili. Ni kama namba ya usajili wa mtoto, hufuata zamu ya kufika. Shaba ni 7440-50-8, kobalti ni 7440-48-4. Kompyuta huchora jinsi atomi za molekuli zilivyoungana, hulinganisha mchoro huo na michoro iliyokwisha kusajiliwa, na kama haufanani na wowote, nambari mpya hutolewa. Leo vitu vilivyosajiliwa vimepita milioni 200.

Dawa ya kinini inafaa kwa kuonyesha faida yake. Bukavu, ambako miti yake hulimwa na dawa yenyewe hutengenezwa, watu husema kinini. Pwani na Tanzania husema kwinini. Daktari huandika kwa Kifaransa au Kiingereza. Nambari ni moja: 130-95-0. Kuna dawa nyingine, kinidini, itokayo katika gome lile lile. Atomi zake ni zile zile, kwa hesabu ile ile, ila zimekaa kwa mpangilio tofauti kidogo angani, nayo imetumiwa kutengeneza mapigo ya moyo yaliyopotoka. Majina yanatofautiana kwa silabi moja, na fomula hazitofautiani hata kidogo. Nambari ya kinidini, 56-54-2, haifanani kabisa na ile ya kwanza. Katika agizo la dawa kosa la silabi moja huweza kumfikia mgonjwa.

Zaidi ya hayo, nambari hujikagua yenyewe. Tarakimu ya mwisho hutokana na zile zilizotangulia. Katika 130-95-0 huhesabiwa kutoka kulia, ukiiacha ile ya mwisho: 5 mara 1, 9 mara 2, 0 mara 3, 3 mara 4, 1 mara 5. Jumla ni 40, nayo huishia na 0, kama ilivyoandikwa. Karani akikosea akaandika 130-59-0, jumla itakuwa 36, na kosa litajifichua papo hapo kabla ya kopo kufunguliwa. Wanaisimu huifundisha dhana ya ishara isiyo na uhusiano wa lazima na kitu chake. Si rahisi kupata mfano ulio safi kuliko huu.

Lakini jina lililobuniwa na chama ni mali ya nani? Swali hilo lilijitokeza kwa ukali mwaka 2005. Mwaka uliotangulia serikali ya Marekani ilikuwa imefungua PubChem, hazina ya habari za molekuli ambayo yeyote huisoma bila malipo. Chama, ambacho sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na kuuza huduma za Columbus, kilidai ya kuwa serikali inashindana nacho, kikaomba hazina hiyo iwekewe mipaka. Wanasayansi wengi walishangaa, wakiwemo wanachama wenyewe. PubChem ilibaki, ikakua. Hoja ya chama haikuwa ya kipuuzi, kwani kusajili na kukagua mamilioni ya vitu kunahitaji mishahara. Hata hivyo ni vigumu kuisahau kazi ya wale waliojitolea usiku, ambao hawakufupisha ili mlango ufungwe.

Shughuli nyingine za chama zitatajwa kwa kifupi tu. Hukagua masomo ya kemia ya vyuo na kutangaza yale yanayotosheleza kiwango chake, hutoa nishani yenye jina la Priestley, huchapisha majarida mengi. Tangu 1938 kinafanya kazi kwa hati ya Bunge la Marekani. Kilichelewa kuwapa wengine uongozi: Henry Aaron Hill, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa rais wake, alishika cheo hicho mwaka 1977, na Anna Jane Harrison, mwanamke wa kwanza, mwaka 1978.

Kwa upande wa Kiswahili, hatua ya kutaja imekwisha kuanza. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini kemia katika sekondari za Tanzania iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na katika Kongo kwa Kifaransa. Istilahi zikabaki kama nguo mpya kabatini. Njia ya Wamarekani ilikuwa kinyume: walianza kufupisha, na majina yakasawazishwa kwa sababu kazi yenyewe ililazimisha. Mihtasari hamsini ya Kiswahili juu ya shaba, kobalti na kinini, ikiandikwa kila mwaka na walimu wa kemia wakisaidiwa na walimu wa lugha, ingaliyapima maneno ya kamusi hiyo kuliko semina nyingi.

Nambari zenyewe zimeanza kufunguliwa. Tangu 2021 ofisi ya Columbus inawaonyesha watu wote, bila malipo, vitu karibu nusu milioni vilivyo vya kawaida zaidi. Mwanafunzi wa Lubumbashi mwenye simu huweza kuandika 130-95-0 na kupata fomula ya kinini, mchoro wake, na orodha ya majina yake mengine. Maelezo ya ukurasa huo ni ya Kiingereza.