Niel Gow na Swali la Mwenye Mali

Mwulize mwanafunzi yeyote wa fasihi akutajie sifa za fasihi simulizi. Atakutajia upesi upesi: hutolewa kwa mdomo, hubadilika, huhitaji hadhira, na tena haina mtunzi maalumu kwa kuwa ni mali ya jamii nzima. Sifa hiyo ya mwisho imetuvusha mitihani mingi. Lakini ni mali ya jamii tangu lini? Nani aliyeifanya iwe ya jamii, na yule aliyeitunga kwanza alikwenda wapi?

Katika makala hii nataka kulijadili swali hilo kwa kumtazama msanii wa mbali kabisa na sisi, mpiga fidla wa Uskoti aitwaye Niel Gow (1727–1807). Kumchagua si kwa bahati. Wakati wa uhai wake muziki wa masikio na kitabu cha kuchapwa vilikutana mbele ya macho ya watu, kwa hiyo ugomvi wa nani katunga nini haukupotea hewani. Umebaki kwenye karatasi, na majina yapo.

Kwanza maisha yake, kwa ufupi. Gow alikulia Inver, kijiji kilicho karibu na mji wa Dunkeld katika jimbo la Perthshire. Baba yake alikuwa mfumaji nguo, naye akafundishwa kazi hiyohiyo. Fidla (ndiyo hii hii tunayoisikia kwenye taarabu) alianza kuipiga mwenyewe akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kisha akapata mafunzo kidogo kwa mpigaji mmoja aitwaye John Cameron. Mwaka 1745, akiwa na miaka 18 tu, alishinda shindano la wapiga fidla. Mwamuzi alikuwa kipofu, na inasimuliwa kwamba alisema angeutambua mkono wa Niel hata katikati ya wapigaji mia. Baadaye Duke wa Atholl akamchukua chini ya ulinzi wake, akamlipa pauni 5 kwa mwaka, mbali na malipo ya dansi alizoitwa kupiga kwenye majumba ya wakubwa. Kaka mtu na mdogo mtu walikwenda pamoja: Donald Gow alimfuatisha kwa chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayoshikwa katikati ya magoti.

Mshairi Robert Burns alipozuru sehemu hizo mwaka 1787 alimtembelea, na akamwandika katika shajara yake kwa heshima kubwa. Mchoraji Henry Raeburn naye alimchora ameketi na fidla yake, amevaa suruali fupi ya kitambaa cha mirabamiraba. Msomaji asilipite vazi hilo haraka. Baada ya uasi wa 1745 kuvunjwa, serikali ya London ilipiga marufuku mavazi ya watu wa milimani, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1782. Kwa hiyo mfumaji yule katika picha ya Raeburn si mzee wa kijijini tu aliyevaa nguo zake za kawaida. Amekuwa alama ya taifa. Na alama ya taifa, kama tutakavyoona, huvuta vitu vingi kuja kwake, hata vile visivyokuwa vyake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Gow alikuwa bingwa wa muziki wa dansi, hasa ule uitwao strathspey, uliopewa jina la bonde la mto Spey. Ni ndugu wa dansi ya reel, ila mwendo wake ni wa taratibu zaidi, na mapigo yake hukatika: noti fupi sana, kisha ndefu, kama mtu anayejikwaa kwa makusudi halafu akasimama imara. Waliomsikia waliandika kwamba nguvu yake ilikuwa kwenye mvuto wa upinde kwenda juu. Wapigaji wengi mvuto huo huwa dhaifu, kwake ulikuwa na nguvu sawasawa na ule wa kushuka. Tena, muziki ukikolea, alikuwa akipiga ukelele wa ghafla uliowatia wachezaji wazimu wa furaha.

Ukelele huo haumo katika kitabu chochote cha noti. Hapa ndipo wale wanaosisitiza utendaji wanapokuwa na haki: kilichochapwa ni mifupa, nyama ilibaki ukumbini. Lakini nadhani mara nyingi tunaishia hapo, tukisifu utendaji, bila kuuliza ile mifupa ilikuwa ya nani.

Mwaka 1784 Gow alitoa mkusanyo wake wa kwanza wa strathspey, akautabaruku kwa mke wa Duke wa Atholl. Wa pili ulitoka 1788, wa tatu 1792. Mwanawe Nathaniel (1763–1831), aliyekuwa mpiga tarumbeta wa mfalme na mwenye duka la muziki mjini Edinburgh, ndiye aliyeiendesha biashara hiyo kwa nguvu, na mikusanyo iliendelea kutoka hata baada ya mzee kufariki: wa tano 1809, wa sita 1822. Ukivifungua vitabu hivi utakuta lahani nyingi zina majina ya mabibi na mabwana wakubwa. Kulipa jina la binti wa tajiri lahani mpya ilikuwa njia ya kupata mnunuzi. Sioni haja ya kuwacheka. Washairi wangapi wa majumba ya wafalme, popote duniani, walikula kwa njia nyingine?

Tatizo ni kwamba lahani nyingine hazikuwa mpya. Zilikuwa za zamani zilizobatizwa upya, na nyingine zilikuwa za watunzi waliokuwa hai na wenye macho. Maarufu kati yao ni William Marshall (1748–1833), msimamizi wa nyumba ya Duke wa Gordon, mtu ambaye Burns alimhesabu kuwa mtunzi wa kwanza wa strathspey wa zama zile. Marshall alipotoa mkusanyo wake mkubwa mwaka 1822, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, alichapa humo lalamiko kwamba watu wengine walikuwa wakichapa lahani zake bila ruhusa na kuzibadili majina, hata watu wasijue kwamba ni zake. Mwishoni mwa karne hiyo John Glen, mchunguzi wa Edinburgh, alikaa akalinganisha vitabu kimoja kimoja. Alihesabu lahani 87 zinazotajwa kuwa za Niel Gow, akawalaumu Gow kwa kuzidisha tabia iliyokuwa ya kawaida wakati ule. Uchunguzi wa baadaye umesema angalau robo ya hizo 87 ama ni za zamani zilizopewa jina jipya ama ni za wengine.

Robo nzima! Basi mtu atasema: mwizi huyo, tumfute kwenye orodha. Ngoja kidogo. Hata strathspey ya Marshall aliyoipa jina la Bibi Gordon, ambayo Burns aliitungia maneno ya mapenzi, wapo wachambuzi waliodai kwamba imetokana na lahani ya zamani zaidi. Mlalamikaji naye ana deni. Ukifuata nyayo namna hii huishii kwenye kisima kimoja, unakuta vijito.

Kwa maoni yangu mfano mzuri kuliko yote ni wimbo uitwao Caller Herring, maana yake samaki wabichi. Mwishoni mwa miaka ya 1790 Nathaniel Gow alitunga lahani kutokana na vilio vya wanawake wauza samaki wa Newhaven waliokuwa wakipita mitaa ya Edinburgh na vikapu mgongoni, akavichanganya na mlio wa kengele za kanisa. Baadaye Carolina Oliphant, yaani Lady Nairne (1766–1845), akaitia maneno. Huyu alikuwa mwanamke wa tabaka la juu, na kwa desturi za tabaka lake hakutaka kujulikana kama mtunzi. Alitumia jina la bandia, Bi Bogan wa Bogan, na inasemekana hata mumewe hakujua. Jina lake halisi lilitangazwa baada ya kifo chake.

Sasa tuhesabu. Wauza samaki walitoa sauti, lakini hakuna aliyewauliza majina. Nathaniel alichapa na kuuza. Bibi mkubwa aliandika na kujificha kwa hiari yake. Wote watatu, machoni pa msikilizaji wa mtaani, ni "jamii". Lakini kukosa jina kwa muuza samaki si sawa na kukosa jina kwa Lady Nairne. Mmoja hakuwa na njia ya kuingia kitabuni. Mwingine alikuwa na funguo za mlango, akaamua kukaa nyuma ya pazia. Tukisema tu "haina mtunzi maalumu" tunawafunika wote kwa shuka moja, na tofauti hiyo ya kitabaka, ambayo ndiyo maudhui yenyewe, inapotea. (Duka nalo halikumtajirisha Nathaniel, alifilisika mwaka 1827.)

Isije ikaonekana nimemshusha Niel Gow. Robo ikitoka, robo tatu zinabaki, na ndani yake mna kazi ambazo haziwezi kuwa za mwingine. Ipo lahani ya kuiaga wiski, aliyoitunga kwa sababu ya marufuku ya kuitengeneza ya mwaka 1799. Ichekeshe usiichekeshe, humo mna historia ya uchumi: nafaka ilipokuwa haba, pombe ndiyo iliyokatwa kwanza. Na ipo ile ya maombolezo ya mke wake wa pili, Margaret Urquhart, aliyefariki mwaka 1805 baada ya kuishi na Niel zaidi ya miaka 30. Ilichapwa mwaka 1809, wakati mzee mwenyewe amekwisha kuzikwa Little Dunkeld.

Kuhusu lahani hii nina neno kama mhakiki. Ni fupi, ina sehemu mbili tu, unaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Mtu angetarajia mzee wa miaka karibu themanini, mjane, aombolezee kwenye ngazi ya huzuni. Hakufanya hivyo. Ameitunga kwenye ngazi ambayo kwa kawaida hubeba furaha, ile ile ya dansi zake nyingi, ila ameivuta taratibu. Sehemu ya pili inapanda juu, unafikiri itaondoka kabisa, halafu inateremka ilikotoka. Hailii. Inakumbuka. Ni mtu aliyepiga harusi za watu maisha yake yote, akatumia vyombo vile vile vya harusi kwa msiba wake, maana ndivyo alivyokuwa navyo. Fani hapo ndiyo maudhui.

Siku hizi lahani hiyo hupigwa kwenye mazishi na hata kwenye harusi, na watu ambao hawajui Inver iko wapi. Imekuwa ya jamii kwelikweli. Lakini jina lake limebeba mwenyewe na mkewe, huwezi kulitamka bila kuwataja: Maombolezo ya Niel Gow kwa Kifo cha Mke Wake wa Pili. Zile za Marshall zilizogeuzwa majina hazikupata bahati hiyo kwa miaka mingi, mpaka mwenyewe alipochukua kalamu mwaka 1822.