Mto Kathita Hauishii Meru

Mkazi wa Majengo, awe wa Meru au wa Embu, ana haki ya kuuliza uchafuzi wa bahari unamhusu nini, ilhali pwani iko mbali naye kwa mamia ya kilomita. Jibu liko kwenye mteremko wa ardhi. Maji ya mji wa Meru hushukia Mto Kathita. Ya Embu hushukia Rupingazi, kisha Thiba. Yote yanaelekea Mto Tana, nao Tana huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Betri kuukuu ya gari ikipasuliwa na tindikali yake kumwagwa mtaroni, risasi iliyomo hushikamana na tope na kusafiri nalo. Maganda ya ndizi huoza yakaisha, lakini risasi haiozi.

Wapo watakaosema mabwawa yatalizuia tope hilo. Ni kweli kwa sehemu: Thiba huingia Bwawa la Kamburu, na tope jingi hutuama humo. Lakini mabwawani mna samaki wanaovuliwa na kuliwa. Isitoshe, Kathita huungana na Tana chini ya Kiambere, bwawa la mwisho katika msururu huo.

Wengine watasema bahari ni pana, sumu itapotelea humo. Hoja hii inasahau kazi ya viumbe wenyewe. Chaza hula kwa kuchuja maji, lita kadhaa kwa saa, na metali iliyotawanyika majini hulimbikizana mwilini mwake. Metali nyingine, zebaki, ni hatari zaidi. Bakteria wa topeni huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini upesi na kutoka polepole. Vijimea vikiliwa na vidudu vya majini, vidudu na dagaa, dagaa na jodari, kila mlaji hubeba sumu nyingi kuliko aliyeliwa. Risasi haipandi ngazi hiyo kwa namna ileile, ila hudhuru kaa na chaza wanaoishi karibu na tope.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa neva uliotambuliwa mwaka 1956 uliwapata watu na paka waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Kazi ya kuondoa tope lenye sumu ilianza 1977 ikamalizika 1990. Ikiwa ghuba moja ilidai miaka yote hiyo, njia ya busara ni kuzuia sumu inakotoka. Betri iliyokufa irudishwe nzima kwa muuzaji, na serikali za kaunti ziwatengee mafundi wa betri mahali salama pa kuzikusanyia.