Simba Wawili na Jogoo: Jifunze Kusoma Nembo Kabla ya Kutoa Arubuni Kitengela

Mpwa wangu ni mzaliwa wa Mombasa, lakini riziki yake iko Nairobi. Kama vijana wetu wengi wa Pwani walioko bara, amekuwa na hamu ya kununua kiwanja Kitengela. Juzi alinitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi aliyopewa na dalali. "Mjomba, tazama, ina nembo ya serikali," akaniandikia. "Kesho natoa arubuni."

Nikaikuza picha ile kwa simu. Nembo ilikuwa safi, haina kasoro. Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka afike Kajiado mjini, kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Alipokwenda akakuta ploti ile imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, na dalali hakupokea simu tena. Alhamdulillahi, pesa zilikuwa bado ziko mfukoni mwake.

Kisa hiki kimenifanya niandike juu ya jambo tunaloliona kila siku bila kulisoma. Nembo ni nini, imeundwa na nini, na inatuambia nini hasa?

Wazungu walianza kuzitumia nembo za namna hii katika karne ya 12. Askari wa farasi alikuwa amefunikwa uso kwa kofia ya chuma, hajulikani rafiki wala adui, basi akachora alama kwenye ngao yake. Kwa hiyo ngao ndiyo moyo wa nembo. Juu ya ngao huwekwa kofia ya chuma, na juu ya kofia husimama kitu kidogo, labda kichwa cha mnyama, mbawa au mkono. Hicho tukiite shungi. Pembeni huwa na wabeba ngao, wanyama au watu wanaoishikilia kulia na kushoto. Chini huwa na mahali pa kusimama, na utepe wenye wito, yaani maneno machache ya mwenye nembo. Wako wanaoita nembo nzima kwa jina la shungi. Ni sawa na kumwita jogoo mzima "upanga" kwa sababu ana upanga kichwani.

Msidhani kuwa haya ni ya Wazungu peke yao. Masultani wa Kimamluki waliotawala Misri na Shamu walikuwa na alama zao zilizoitwa "rank", neno la asili ya Kifarsi lenye maana ya rangi, na ndilo hilo hilo neno letu la rangi. Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, alama yake ilikuwa simba anayetembea. Maamiri wake walipata alama kwa kazi zao. Mnyweshaji wa sultani alikuwa na kikombe, mshika silaha upanga, na katibu kibweta cha kalamu. Ukiiona alama mlangoni au kwenye taa ya msikiti, ulijua ni mtu wa cheo gani aliyegharamia.

Tukirudi Kajiado, huko hawakungoja kufundishwa. Ngao ya Kimaasai ilikuwa ya ngozi ya nyati, imepakwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na michoro yake huitwa sirata. Mchoro ulimtambulisha shujaa, ni wa rika gani na ni wa sehemu gani ya Wamaasai. Ilikuwepo pia alama ya ushujaa, ambayo mtu hakujichorea kwa kupenda kwake, ilibidi aistahili kwanza. Mwingereza A. C. Hollis aliandika habari za Wamaasai katika kitabu alichokitoa mwaka 1905. Wazee wa Unguja wanalijua jina hilo, maana katika miaka ya 1920 ndiye aliyekuwa mkazi wa Uingereza Zanzibar.

Sehemu mojawapo ya Wamaasai ni Kaputiei, na Kitengela iko kwenye ardhi yao. Leo ngao zile hazipiganiwi tena, lakini jina limebaki mahali pa ajabu, nalo ni kwenye hati za ardhi. Viwanja vingi vya Kitengela vina namba inayoanza kwa Kajiado, kisha Kaputiei North, kisha tarakimu. Jina lililokuwa likisomwa kwenye ngao sasa linasomwa kwenye karatasi.

Sasa tuitazame nembo ya taifa la Kenya. Ngao yake ni ya umbo la Kiafrika. Juu ni nyeusi, chini ni kijani, na katikati kuna mkanda mwekundu wenye kingo nyeupe. Ndani ya mkanda yumo jogoo mweupe aliyeshika shoka kwa mguu mmoja, alama iliyotoka kwa chama cha KANU. Wabeba ngao ni simba wawili, kila mmoja na mkuki. Wanasimama juu ya Mlima Kenya, penye kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Wito ni neno moja, tena la Kiswahili: Harambee. Haina kofia ya chuma wala shungi. Jirani zetu nao wana zao. Ya Tanzania inabebwa na mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu, na wito wao ni Uhuru na Umoja.

Nembo hizi zina sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 9, inaitaja nembo miongoni mwa alama za taifa, pamoja na bendera, wimbo na muhuri. Sura ya 99 ya sheria zetu inakataza kuitumia kwa biashara bila idhini. Sura ya 98 imeunda chombo cha kusajili nembo za taasisi. Kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikazipa kaunti haki ya kuwa na bendera, nembo na muhuri wake, kwa sharti kwamba zisifanane na za taifa.

Hapo ndipo mnunuzi wa ploti anapopata faida. Kusajili ardhi na kutoa hati ni kazi ya serikali kuu, kwa hiyo hati hubeba simba wawili. Kodi ya ardhi ya kila mwaka na idhini ya ramani ya ujenzi ni kazi ya kaunti, kwa hiyo karatasi hizo hubeba nembo ya kaunti. Ukiletewa risiti ya kodi ya kaunti ukaambiwa kuwa ndiyo hati, au ukaona makubaliano ya dalali yamepambwa kwa nembo ya taifa, simama hapo hapo. Dalali si serikali, na simba wale si wake.

Lakini msidanganyike upande wa pili pia. Nembo iliyo sahihi haithibitishi chochote. Zamani anayejichorea sirata isiyo yake angejulikana mara moja, maana rika lake lote lilimfahamu. Leo mtu anaipakua nembo kwenye intaneti, anaichapisha kwa rangi, na hakuna wa kumuuliza. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Karatasi ya mpwa wangu ilikuwa mkakasi.

Basi nembo ikuambie ni ofisi gani inayodaiwa kusema, kisha uiendee ofisi hiyo uiulize. Chukua namba ya ploti, uombe upekuzi rasmi, ule watu wanaouita sachi, uone jina la mwenye ardhi na kama ina rehani au zuio. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha anayekuuzia. Tafuta wakili wako mwenyewe, usikubali wa dalali. Kakanyage ardhi yenyewe pamoja na mpima ardhi, na uwasalimie majirani. Wao ndio wanaojua nani hulisha ng'ombe pale. Kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini ni barabara moja ya Namanga, unapita Isinya. Nauli yake haifiki hata sehemu ndogo ya arubuni.

Mpwa wangu bado anatafuta. Juzi amenitumia karatasi nyingine, na safari hii hakuniandikia habari za nembo. Ameandika, "Mjomba, naelekea Kajiado kwanza."