Mshtuko, Banzi na Njia ya Hewa

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro yapita Kibaha, na majeruhi wengi wa ajali zake hupelekwa Hospitali ya Tumbi. Lakini ajali ikitokea mbali, tuseme Gwata (jina ambalo, wafasiri waangalie, limo zaidi ya mahali pamoja), majeruhi huangukia kwanza mikononi mwa muuguzi au tabibu wa zahanati. Mtumishi huyo hana eksirei wala akiba ya damu. Ana mikono yake, vitambaa, na maneno aliyofundishiwa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mafunzo ya huduma za msingi za dharura kwa watumishi wa namna hiyo. Hatua zake hufuata herufi A hadi E za maneno ya Kiingereza: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua majeruhi nguo na kumkagua mwili mzima. Zikifasiriwa, herufi hazimkumbushi mwanafunzi chochote. Hata hivyo hatuungi mkono kubuni maneno ya kulazimisha herufi. Heri mwalimu aeleze sababu ya mpangilio: kiuacho upesi hutangulia.

Neno lituhangaishalo zaidi ni mshtuko. Raia hulielewa kuwa ni hali ya mtu aliyepata habari mbaya. Tabibu hulitumia kwa hali ambayo damu haivifikii viungo vya kutosha: ngozi hupoa, mapigo ya moyo huenda mbio, fahamu hupungua. Ndugu wakiambiwa kuwa mgonjwa amepata mshtuko, humtuliza na kumnywesha maji, kumbe anavujia damu tumboni na yafaa asafirishwe mara moja. Upungufu wa damu nao hautufai, kwani ni jina la maradhi mengine. Twapendekeza kuporomoka kwa mzunguko wa damu. Ni refu, lakini halidanganyi.

Banzi, kwa upande wake, halihitaji kamati. Waganga wa viungo walikuwa nalo zamani. Kibao, tawi lililonyooka au boksi gumu, likifungwa kwa vipande vya kanga hadi kupita kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko, ni banzi, na liandikwe hivyo.