Si Kila Kikohozi cha Mbwa ni Mfupa

Alikuwa mbwa mdogo, mweupe, mwenye manyoya marefu, amebebwa kifuani kama mtoto mchanga. Mama aliyemleta alikuwa na simu mkononi, tayari kunionyesha video. "Daktari, ana mfupa kooni. Leo wiki ya tatu." Nikatazama. Baba mwenye nyumba anafungua geti, mbwa anatoka mbio, anaruka, anamzunguka, kisha ghafla anasimama. Shingo ameinyoosha mbele, viwiko vimetanuka, na kutoka kooni inakuja sauti kavu ya kukwaruza, kama bata bukini anayelia. Mara sita, mara saba. Mwisho anajikamua kana kwamba anataka kutapika, anatema povu jeupe kidogo, anaramba midomo, halafu anaendelea kumrukia baba kama vile hakijatokea kitu.

Nikamwuliza mama: anakula?

"Anakula sana, daktari. Hata cha paka anamaliza."

Basi mfupa haukuwepo. Mfupa uliokwama unaumiza saa zote, na zaidi wakati wa kumeza. Haungojei geti lifunguliwe. Nilipombonyeza mbwa taratibu kwa vidole viwili pale shingo inapokutana na kifua, sauti ile ile ya bata ikatoka papo hapo mezani.

Bomba la hewa la mbwa limejengwa kwa pete za gegedu, zaidi ya 30, zilizopangana kuanzia kooni hadi ndani ya kifua. Kila pete imeachwa wazi upande wa mgongoni, mfano wa herufi C, na uwazi huo umezibwa kwa utando na msuli mwembamba. Kwa baadhi ya mbwa wadogo, kama Chihuahua, Pomeranian, Maltese na hasa Yorkshire Terrier, gegedu hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Pete hubonyea, utando ukaning'inia ndani ya njia ya hewa. Mbwa akiwa ametulia, hewa hupita polepole na huenda usione lolote. Akifurahi huivuta kwa nguvu, na bomba lililolegea hujikunja kwa ndani. Umewahi kunywa juisi nzito kwa mrija uliolainika? Ukivuta kwa nguvu, mrija unabanana na juisi haipandi. Ndivyo ilivyo. Kuta zikigusana zinawashwa, mbwa anakohoa, na kile kikohozi kinaziwasha zaidi, kikazaa kikohozi kingine.

Ugonjwa huu hauponi kwa dawa, lakini mbwa wengi huishi nao vizuri kwa miaka. Dawa za kutuliza kikohozi zipo, na wachache huhitaji kuwekewa kitu cha kulishikilia bomba kutoka ndani. Kabla ya hayo yote, mimi naanza na mizani. Mbwa anayepaswa kuwa na kilo 3 akifikia kilo 4, ni sawa na mtu wa kilo 60 kufikia 80, na mafuta hayo humbana shingoni na kifuani. Wenye mbwa wengi hawapendi kuambiwa hivyo. Mama huyu alinuna kidogo, kisha akakiri habari za mandazi ya asubuhi.

Cha pili ni mkanda wa shingoni. Na hapa nawageukia wenye mbwa wa ulinzi, kwa sababu mbwa wetu wengi hawakai kwenye kochi. Wanafungwa mnyororo kando ya geti. Mgeni akibisha hodi, mbwa anaruka kwa uzito wake wote, mnyororo unamkatisha hewani, mkanda unamkaba koo, anabweka huku anakohoa. Kesho tena, na keshokutwa. Hata koo zima la mbwa mkubwa mwenye nguvu litawashwa kwa mtindo huo. Mnyororo mfupi siupendi hata kidogo, na nawaambia wateja wangu hivyo usoni. Mjengee mbwa banda, au afungwe kwa mkanda unaozunguka kifua na mabega, na mnyororo uteleze kwenye waya mrefu uliotandazwa uani ili apate pa kutembea. Mara nyingi kikohozi chenyewe hupungua bila dawa.

Kuna sauti nyingine inayowatisha watu bure. Mbwa anasimama, anakaza shingo, anavuta hewa puani kwa mikoromo ya harakaharaka kama mtu anayevuta kamasi, nusu dakika hivi, kisha anaacha na kuendelea na shughuli zake. Hiyo ni chafya ya kwenda ndani, inayotokana na kuwashwa nyuma ya pua. Furaha huileta, vumbi huileta, manukato pia. Ikitokea mara mojamoja haina madhara. Mpapase koo na umwongeleshe kwa upole mpaka ipite. Ikianza kuja kila siku, au ikiambatana na kutoka damu puani, mlete.

Mbwa wa pua bapa, kama Pug na French Bulldog, ni habari tofauti. Tundu zao za pua ni finyu, na kaakaa laini ni refu kupita kiasi, linaning'inia mbele ya njia ya hewa. Mbwa hapoi mwili kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema. Mbwa asiyeweza kuhema sawasawa, akachangamshwa mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa, anaweza kufa kwa joto ndani ya muda mfupi. Michezo yake iwe alfajiri au jioni, na mikoromo yake msiione kuwa ni kichekesho.

Kama mbwa wako alilala siku chache kwenye banda la kulelea mbwa ulipokuwa safarini, kisha wiki moja baadaye akaanza kukohoa kila akichangamka, fikiria kikohozi cha mabandani. Kinaletwa na vimelea kadhaa, mojawapo ni bakteria aitwaye Bordetella, na kinaenea kwa hewa kutoka mbwa hadi mbwa. Mwenye afya hupona ndani ya wiki moja hadi tatu; mtenge na wenzake na usimkimbize. Kwa watoto wa mbwa nina tahadhari zaidi. Mtoto wa mbwa anayekohoa huku macho na pua vikitoka usaha, ana homa, anaharisha au misuli inamchezacheza, huenda ana distempa, ugonjwa wa virusi unaoua. Ni virusi hivyo vilivyoingia Serengeti mwaka 1994 na kuua takriban theluthi moja ya simba wa kule, wapatao elfu moja. Chanjo yake ipo.

Sasa, utajuaje kikohozi kipi ni cha kukutia wasiwasi? Watu hunieleza kwa kirefu jinsi mbwa anavyokohoa akichangamka. Mimi nataka kusikia anafanyaje akishatulia. Msisimko ni mzigo tu uliotwikwa juu ya koo, mapafu na moyo, na mzigo ukiwa mzito hata mzima anaweza kuhema kwa shida. Ukishatuliwa, kila kitu kinapaswa kurudi mahali pake ndani ya dakika chache. Mbwa anayekohoa akiwa amelala, anayeamka usiku kukohoa, anayekataa kulala ubavu na kukesha amekaa, huyo nataka kumwona.

Kwa kazi hiyo kuna kipimo kisichogharimu hata senti, nami namfundisha kila mwenye mbwa mzee. Ngoja alale fofofo, mahali pasipo joto. Tazama ubavu wake: ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mbwa wengi, wakiwa usingizini, hawafiki pumzi 30 kwa dakika. Akizidi 30 mara moja, rudia baada ya saa moja au mbili. Akiendelea kuzidi, huenda moyo au mapafu yana shida, hata kama mchana alicheza. Mbwa wadogo wakizeeka, vali ya upande wa kushoto wa moyo hunenepa na kuvuja. Moyo hutanuka, hulibana tawi la njia ya hewa, na mwishowe maji hujaa mapafuni. Mbwa wa namna hii pia huanza kwa kukohoa akifurahi. Kwa masikio tu huwezi kumtofautisha na yule wa bomba lililolegea, na wapo wenye yote mawili. Ndiyo maana naomba eksirei.

Wengine hawakohoi, wanajikaza tu kama wanaotaka kutapika. Nikisikia mbwa anatema chakula muda mfupi baada ya kumeza, anameza mate mara kwa mara na anakonda, nauliza kama anazurura na kama analishwa utumbo mbichi wa kuku. Yupo mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, na katika Afrika Mashariki si mgeni. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa; dundu wanaoviringisha kinyesi huyala; kuku au mjusi humla dundu; mbwa humla mjusi, au hutupiwa matumbo ya kuku siku ya sikukuu. Mnyoo mchanga hutoboa tumbo, hupanda ndani ya ukuta wa mishipa mpaka kwenye mshipa mkuu wa damu, hukaa huko miezi kadhaa, kisha huhamia kwenye umio na kutengeneza uvimbe. Baadhi ya uvimbe huo hugeuka saratani. Ukigunduliwa mapema una dawa, nayo itolewe na daktari kwa kipimo. Utumbo wa kuku uchemsheni.

Nimebakiza lile linaloninyima usingizi. Mbwa ambaye hakuchangamshwa na chochote, ameanza ghafla kuonekana kama aliyekwamwa na kitu. Taya limelegea, mate yanachuruzika, anayasogelea maji lakini hawezi kumeza, sauti ya kubweka imebadilika na kuwa ya kukwaruza. Tabia pia imegeuka: mkali amekuwa mpole, au mpole amejificha chini ya gari na hataki mtu. Mwenye nyumba anaona huruma, anampanua mdomo na kutia mkono kutafuta mfupa. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Wengi wanadhani kichaa lazima kiwe cha kukimbia na kuuma ovyo, kumbe kuna kile cha kimya, kinachopoozesha taya na koo. Virusi vimo katika mate, na mchubuko mdogo kwenye kidole unavitosha.

Nawasihi, msitie mkono. Mfungieni mbwa mahali peke yake bila kumshika, tokeni nje, muiteni daktari wa mifugo. Aliyekwisha kuguswa na mate kwenye jeraha, machoni au mdomoni, au aliyekwaruzwa au kuumwa, asafishe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa ya kumrudisha. Chanjo ya mbwa ni ya kila mwaka, na mara nyingi halmashauri huitoa bure wakati wa kampeni. Mpelekeni.

Mbwa mwenye chanjo, aliyekuwa mzima dakika mbili zilizopita, akapaliwa na mfupa mbele ya macho yako, ni jambo jingine. Hukukurika, huparuza mdomo kwa makucha, hewa haiingii. Huyo akimbizwe kwa daktari aliye karibu mara moja. Msimmiminie mafuta ya kula wala maziwa mdomoni. Mbwa anayekohoa au kujikamua huvuta maziwa hayo mapafuni, na nimewatibu nimonia mbwa waliokuja kwangu na kikohozi cha kawaida pamoja na kikombe cha maziwa ya huruma. Dawa za kikohozi za watu nazo ziacheni kabatini. Nyingine zina zailitoli, sukari bandia inayomshusha mbwa sukari ya damu ghafla na kuua ini.

Kabla ya kutoka nyumbani mfunue mdomo wa juu kidogo, ikiwa hana dalili zile za kichaa, utazame fizi. Zikiwa za waridi, una muda wa kupiga simu na kuuliza. Zikiwa za buluu au nyeupe kama karatasi, au mbwa ameanguka, hata kama ni saa nane usiku, usisubiri kuche.

Yule mbwa mweupe eksirei ilionyesha bomba lililobonyea chini ya shingo, na moyo wa ukubwa wa kawaida. Alivishwa mkanda wa kifuani, mandazi yakakoma. Kazi ngumu zaidi ilimwangukia baba mwenye nyumba: kufungua geti, kuingia kimya, kuvua viatu, na kutomsemesha mbwa mpaka miguu yote minne iwe chini. Aliniambia wiki ya kwanza ilimuuma. Mbwa bado anakohoa, mara mbili tatu jioni, kisha anatulia. Ana miaka tisa, na mama ameanza kumhesabia pumzi kila Jumapili akilala na kunitumia jibu kwa simu. Jumapili iliyopita lilikuwa 22.