Dawa ya Wazazi Iliyotangulia kwa Majeruhi

Kwenye kabati la wodi yetu ya wazazi kuna dawa iitwayo asidi ya traneksamiki. Mzazi akivuja damu kupita kiasi, tunamchoma gramu moja kwenye mshipa, polepole, kwa dakika kama kumi. Kazi yake ni kuzuia bonge la damu lisiyeyuke mapema. Wanafunzi wa ukunga wakija mazoezini huwa nawasimulia historia yake, maana hadi leo inaniudhi.

Mmoja wa walioigundua ni mwanamke, Utako Okamoto wa Japani, akiwa na mumewe Shosuke, miaka ya 1960. Alitaka dawa ya kuokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Akawasihi madaktari wa uzazi wa mji wake, Kobe, waijaribu, hawakukubali. Dawa ikaenda kwa wang'oa meno, ikaenda kwenye vyumba vya upasuaji. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa dawa hiyo kwa majeruhi zaidi ya 20,000, wengi wao wanaume. Wazazi wakangoja hadi 2017, ndipo utafiti wa wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, ukaonyesha kwamba wakipewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi. Okamoto alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 98.

Wapo watakaosema mjamzito alikuwa analindwa kwa kutoingizwa kwenye tafiti. Analindwa na nini, ikiwa damu inamwagika?

Na damu yenyewe hatukuwa tunaipima. Tulikadiria kwa jicho: kanga imelowa, nyingine imelowa nusu, kiasi kiko sakafuni kimechanganyika na maji ya uzazi, na wewe uko zamu ya usiku, kitanda cha pili mwenzake anasukuma. Pembeni bibi aliyemsindikiza anakutuliza, "Damu ya uzazi hiyo, mwanangu, itakata." Mwaka 2023 yakaja matokeo ya utafiti kutoka hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Kwa utaratibu wa kawaida, wakunga walikuwa wakimtambua karibu mmoja kati ya kila wawili waliovuja damu kupita kiasi. Walipotandika chini ya makalio ya mzazi plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, walitambua zaidi ya 9 kati ya 10. Kila waliyemtambua wakampa huduma zote kwa mpigo: kusugua kizazi, oksitosini, dawa ya Okamoto, dripu, kumkagua. Uvujaji mkali ukapungua kwa takriban asilimia 60. Mfuko wa plastiki! Tungeweza kuwa nao miaka mingi iliyopita.

Maumivu ya hedhi nayo bado hayajapata mfuko wake wa kuyapima. Endometriosisi, moja ya visababishi vyake, yaani tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake, Shirika la Afya Duniani linakadiria inampata karibu mmoja kati ya kila wanawake 10 walio katika umri wa kuzaa, na tiba ya kuimaliza haijapatikana. Kuithibitisha mara nyingi huhitaji kamera ya kuingizwa tumboni, kifaa ambacho hospitali nyingi za wilaya hazina. Binti anakuja amejikunja, mama yake ananiambia, "Akizaa itaisha, nesi, hata mimi iliisha." Binti ana miaka 16. Namwandikia rufaa, na mama mtu namkataza kurudia maneno hayo.